Kabla ya kuwasha moto: kazi za kweli za jikoni kwa mtoto mdogo

Ukianza kukanda unga, mtoto wa miaka mitatu hakosi kuja. Wengi wetu humkatia kidonge akachezee pembeni, au humtuma nje akapikepike na wenzake kwa makopo na mchanga. Michezo hiyo ni mizuri, ila mtoto anaijua tofauti. Kidonge cha kuchezea kinaishia kwenye vumbi, na yeye anataka kile kitakachopanda kwenye chuma cha chapati kikaliwa na watu. Haya ni maelezo kwa mzazi, bibi, shangazi au dada wa nyumbani anayetaka kumpa mtoto kazi hiyo ya kweli bila chakula kuharibika na bila mtu kuungua.

Jambo kubwa kuliko yote ni mpangilio. Karibu kila chakula chetu kina kazi za baridi na kazi za moto. Kuchambua, kuosha, kumenya, kukamua, kukanda na kusukuma ni za baridi. Kukaanga, kuchemsha, kuepua na kupalia makaa ni za moto. Mpikaji mzoefu huzichanganya ili kuokoa muda: mafuta yapo jikoni yanapata moto na kitunguu bado kinakatwa. Ukiwa na mtoto, zitenganishe. Kazi zote za baridi ziishe, mtoto anawe mikono, aondoke karibu na jiko, kisha ndipo kiberiti kiwashwe. Hasara yake ni muda, kama nusu saa zaidi. Mkila saa moja na nusu usiku, anzeni saa kumi na moja na nusu jioni, na mtoto apate kwanza kipande cha ndizi au muhogo wa kuchemsha, kwa maana mwenye njaa hafanyi kazi, analia.

Jiko letu liko chini

Mashauri mengi yanayosambaa kuhusu watoto na upishi yameandikwa kwa nyumba ambazo jiko liko juu ya meza ya kiunoni. Humo mtoto hupandishwa kwenye kigoda, na mikono ya vikaango hugeuzwa ielekee ukutani. Kwetu jiko la mkaa na mafiga yako chini, mahali mtoto anapofikia, na sufuria nyingi hazina mikono ya kugeuza. Kwa hiyo ulinzi wetu ni umbali. Tandika mkeka wa kazi za baridi upande mmoja, weka jiko upande mwingine, na kati yao pawe na hatua tatu kubwa za mtu mzima. Kwenye sakafu ya saruji piga mstari wa chaki. Mtoto wa miaka mitatu haelewi “usikaribie”, lakini mstari anauelewa vizuri, na atawakumbusha wadogo zake.

Jiko la mkaa likae barazani au mahali penye upepo wa kutosha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Anayepika ajifunge kanga vizuri, pindo lisining'inie, na mtoto avue khanga au kitenge alichojifunga shingoni kwa mchezo, maana kitambaa chepesi kinachoburuzika karibu na makaa hushika moto haraka. Kwa jiko la gesi, gesi ifungwe pale kwenye regyuleta ya mtungi wakati wote wa kazi za baridi, si kwenye kitufe cha jiko peke yake, kwa kuwa kitufe hicho mtoto anakifikia na anapenda kukizungusha.

Kitambaa cha kuepulia kiwe kikavu. Kikiwa na maji, joto hupenya mara moja, mpikaji hushtuka, na sufuria ndipo inapoponyoka. Kabla ya kuinua chochote cha moto sema kwa sauti, “Moto unapita!” Sema kila siku, hata mtoto akiwa mbali, mpaka awe anasogea mwenyewe kila anaposikia.

Mchele na nafaka

Kazi ya kwanza ya nafaka, kuanzia miaka minne, ni kuchambua mchele. Mpe robo kilo, si kilo nzima, kwenye ungo au sinia pana. Mwonyeshe kutandaza mchele mwembamba upande mmoja, halafu kuvuta fungu dogo kwa vidole kupeleka upande wa pili, akiokota chuya na vijiwe na kuviweka kwenye kibakuli chake. Watoto hupenda sana kile kibakuli, na wengine huhesabu vilivyomo. Usimtegemee kwa mawe yote, jino halina spea. Ukiosha, mimina mchele na maji yake polepole kutoka bakuli moja kwenda jingine mara tatu nne. Mchele unakwenda na maji, mawe yanabaki chini. Mimina hivyo mbele yake, na mwache atafute chini ya bakuli kilichobaki.

Nimesema miaka minne kwa sababu. Walio chini ya hapo hutia nafaka puani na masikioni, na haragwe likikaa puani kwenye unyevu huvimba. Likiingia, usilichokonoe kwa kibano wala kijiti, utalisukuma ndani zaidi. Nendeni hospitali. Karanga nazo zikae mbali na wadogo hao, zinapalia. Wa miaka miwili na mitatu mpe vitu vikubwa: kunyambua mchicha, kuosha viazi kwenye beseni, kumenya ndizi mbivu, kupanga nyanya. Kwenye mchicha, mwonyeshe mara moja tu kwamba jani linakaa bakulini na bua gumu linakwenda kwenye takataka. Atakosea kwa dakika chache za mwanzo, kisha hatakosea tena.

Maharage yaliyolowekwa ni mtego ambao wengi hawaujui. Yanakuwa laini na mtoto huyatafuna akiwa kazini. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na hata machache yanatosha. Huondoka kwa kuchemka kweli kweli kwa dakika 10 au zaidi, na moto mdogo usiofikisha mchemko hauiondoi. Basi mtoto achambue yakiwa makavu, kuloweka iwe kazi yako, na bakuli lipande juu.

Nazi

Mbuzi ya kukunia haimfai mtoto chini ya miaka minane au tisa. Meno yake yanakata kidole mara tu kifuu kinapobaki na nyama kidogo, na hapo ndipo hata mkubwa hujikata. Kukamua tui, lakini, ni kazi ambayo mtoto wa miaka minne anaifanya vizuri na matokeo anayaona kwa macho.

Kata kucha zake, anawe kwa sabuni kwa sekunde 20 mpaka kwenye viwiko. Nazi moja iliyokunwa iwe kwenye bakuli pana. Mimina kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, ukiwa umeyajaribu kwa ndani ya kiganja chako. Maji ya baridi hayatoi mafuta ya nazi vizuri, na ya moto yanamwunguza. Mtoto akamue kwa mikono miwili, afumbate na kuachia, kwa dakika tatu hivi. Atachoka mapema, basi pokezaneni. Chuja kwa kifumbu au chujio: hilo ni tui zito. Rudisha machicha, ongeza vikombe 2 vya maji, akamue tena: hilo ni tui jepesi.

Kosa la kawaida ni mtoto kumwaga tui moja juu ya jingine kwa furaha ya kuchuja. Tumia mabakuli ya rangi mbili, na mwambie kabla lipi ni la zito. Yakichanganyika na mnapika wali, hakuna kilichoharibika, kwa mchele vikombe 2 mtatumia kiasi cha vikombe 3 vya tui lenyewe lote. Kwenye mchuzi wa samaki au kunde hasara inaonekana, kwa kuwa tui zito hutiwa mwishoni na sasa halipo. Kwa siku za kwanza, basi, pikeni wali.

Chapati

Kama kuna chakula kimoja cha kuanza nacho, ni chapati. Unga hauna haraka, kazi za baridi ni nyingi, na kila mtoto anaweza kuitambua chapati yake sahanini. Vipimo vya chapati nane: unga wa ngano vikombe 3 (kikombe cha mililita 250, jumla karibu gramu 400), chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vya chakula, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na mengine kidogo ya akiba.

Kupima ni kwa mtoto. Afanyie juu ya sinia ili unga utakaomwagika urudishwe. Atie unga kikombeni kwa kijiko, kisha wewe au yeye mkwangue juu kwa mgongo wa kisu cha mezani. Asizamishe kikombe ndani ya mfuko na kukishindilia, maana hapo unaingia unga mwingi zaidi na donge linakuwa gumu kama udongo mkavu, na mtu asijue kosa lilianzia wapi. Mafuta yafuate chumvi, na mtoto asugue kwa ncha za vidole mpaka unga ukiufumbata unashikana kidogo.

Maji yamiminwe na mkubwa, kwa awamu tatu, mtoto akikoroga. Ukimwachia jagi atamimina yote. Unga ukionekana umezidi maji, usikimbilie kuongeza unga mkavu. Ufunike dakika 10 kwanza, kwa sababu ngano huendelea kunywa maji, na mara nyingi unakuta umekaa sawa.

Kwenye kukanda, shida ya mtoto ni uzito. Mikono yake haina nguvu, na akikaa mezani anapapasa tu. Weka bakuli chini juu ya mkeka, apige magoti, mikono iwe imenyooka, uzito wa kiwiliwili ushukie kwenye viganja. Mpe theluthi ya unga awe nayo mwenyewe, wewe ukande iliyobaki. Baada ya dakika tano badilishaneni, nawe uumalizie wake. Donge likiwa tayari, ukilibonyeza kwa kidole shimo linajirudia polepole.

Funika, liache nusu saa. Wengi huiruka hatua hii wakiwa na mtoto kwa sababu anasubiri kwa hamu, na ndiyo inayowaharibia. Donge lisilopumzika hujivuta likisukumwa. Mkubwa hulishinda kwa nguvu, mtoto anashindwa, na anaamini yeye ndiye hajui. Nusu saa hiyo itumieni kuosha vyombo vya kwanza au kukatakata kachumbari.

Gawa madonge nane ya gramu 85 hivi. Mawili au matatu ya kwake yagawe tena nusu kwa nusu, apate chapati ndogo zinazolingana na mikono yake. Mti wa kusukumia uwe mfupi na mwembamba. Mtoto hukandamiza katikati tu, kingo zikabaki nene na katikati pakachanika. Mwonyeshe: anza katikati, sukuma kwenda nje, zungusha chapati robo, rudia. Ikichanika, ikunjwe donge, ipumzike dakika 10, aanze tena. Unga wa kunyunyizia mtilie kijiko kimoja kwenye kisosi, usimpe mfuko. Unga mkavu ukizidi huungua chumani, huacha madoa machungu na kuikausha chapati. Kabla ya kupika, kila moja ikung'utwe.

Kwa zile za kukunja, robo ya kijiko cha chai cha mafuta kwa chapati ndogo inatosha, ayapake kwa mgongo wa kijiko. Yakizidi yatatoka pembeni akisukuma mara ya pili. Aviringishe iwe kamba, kisha azungushe kamba ijikunje yenyewe, na mkia auchomeke chini. Watoto wa miaka mitano huipenda hatua hii kuliko zote, na wengi huifanya kwa unadhifu. Pumziko jingine la dakika 15, kisha msukumo wa mwisho.

Sasa mtoto anatoka kwenye mkeka, chuma kinapata moto, na kupika ni kwako. Za kwake zipike za kwanza, ziingie kwenye hotpoti pamoja na zenu, na mezani aitwe mtu azipokee. Ombi langu kubwa liko hapa: zikiwa na pembe nne au tano, ziache. Usichukue mti ukasawazisha mbele yake. Akiona kazi yake inarudiwa, kesho atarudi kwenye mchanga.

Kisu na kachumbari

Kisu butu ni hatari kuliko kisu kinachokata, kwa sababu mtoto hukandamiza sana na kisu huteleza. Kinachomfaa wa miaka mitano ni kisu kidogo chenye meno madogo na ncha ya mviringo. Chini ya kibao cha kukatia weka kitambaa chenye unyevu ili kibao kisitembee. Aanze na ndizi mbivu, wiki nyingine aende kwenye tango. Tango lipasue wewe kwa urefu, ulilaze upande bapa ukiwa chini, kwa kuwa kitu cha mviringo kinabingirika na kidole kinafuata. Mkono unaoshika ukunje vidole kwa ndani, kucha zikitazama kisu. Nyanya ichelewe kidogo, ngozi yake inateleza, na anapoanza umtobolee kwanza kwa ncha ya kisu chako.

Kitunguu ukate mwenyewe, lakini kukiosha ni kwake. Kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa vipande vyembamba, kijiko 1 cha chai cha chumvi, akisugue kwa vidole mpaka kilegee na kutoa maji, kisha kisuuzwe mara mbili kwa maji baridi na kukamuliwa. Ukali unaisha na kachumbari haimwachi mtu na harufu. Kama ana mkwaruzo mkononi, kazi hii aiache siku hiyo. Ndimu ikate nusu, aibingirishe kabla kwa kiganja ili maji yatoke vizuri, na aikamulie kwenye chujio dogo la kuzuia mbegu.

Pilipili haigusi, mbichi wala ya unga. Ikate wewe, ya mwisho kabisa, na usimfute uso kwa mkono huo. Ukali wake hauyeyuki kwenye maji matupu. Ikimpata mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni, kisha maji. Mdomoni mpe maziwa. Machoni ni maji safi mengi, bila kusugua.

Mtoto anayepika huonja, na aonje: nyanya, tango, tui, chapati iliyoiva. Mipaka iwe michache na isiyobadilika. Halambi yai bichi wala unga mbichi, hata ule usio na yai, maana vyote viwili vinaweza kubeba vijidudu vinavyoharisha. Akivunja yai alivunjie kwenye kibakuli cha pembeni ili ganda litolewe na yai viza lisiharibu mengine, kisha anawe. Kuku mbichi na samaki mbichi hashiki kabisa chini ya miaka saba.

Yote haya ambieni wote wanaobaki na mtoto. Nyumba ambayo mama ana mstari wa chaki na dada wa nyumbani hana, haina mstari. Na wavulana wawepo mkekani. Sijaona donge la unga linaloshindwa kupumzika kwa sababu limekandwa na mvulana.

Akiungua

Hata kwa mpangilio mzuri, mvuke au tone la mafuta linaweza kumfikia. Maji safi ya baridi, yanayotiririka, dakika 20 kamili, ukiziangalia kwenye saa. Kama hakuna bomba, mtu amimine kwa kata bila kukoma. Vua nguo na bangili za sehemu hiyo kabla haijavimba, ila kitambaa kilichogandana na ngozi usikivute. Dawa ya meno, yai, mafuta, unga na majivu visipakwe, vinashika joto ndani na kuleta vijidudu. Barafu nayo hapana. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Hospitali ni lazima kama ni usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, kama kumetoka malengelenge, au kama eneo limezidi kiganja cha mtoto mwenyewe.

Lini ausogelee moto

Kuna nyumba ambazo msichana wa miaka minane anapika peke yake na mdogo wake yuko mgongoni. Siyo hilo ninalolisema. Nasema juu ya kazi ya moto ambayo mkubwa amekaa kando yake, mikono ya mkubwa huyo ikiwa mitupu.

Iende kwa ngazi. Kuanzia miaka mitano, atie kitunguu na mafuta kwenye sufuria ya baridi, wewe ndiye unayeteleka. Avuruge pia unga wa uji: robo tatu ya kikombe cha unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi mpaka usiwe na mabonge, nawe uumimine kwenye maji yanayochemka, vikombe vitatu hivi, ukikoroga. Unga mkavu ukikutana na maji ya moto, nje huiva kabla ya ndani kulowa, na mabonge yanatoka hapo. Uji unaotokota unaruka, kwa hiyo asiukoroge jikoni, aukoroge ukiwa umeepuliwa na kupoa. Kuanzia miaka saba au minane, kwa mtoto anayetii neno moja, ageuze chapati: chuma kipana, moto wa wastani, mwiko mrefu, akiwa amekaa kwenye kigoda na si kuchuchumaa, na mafuta yapakwe na wewe baada ya pande zote mbili kukauka. Maandazi, sambusa na kila kinachozama kwenye mafuta, kuepua sufuria, kuondoa makaa juu ya mfuniko wa wali, vibaki kwako kwa miaka mingine kadhaa.